Mbao za merikebu ndogo

Merikebu ya mfano ni merikebu ndogo iliyofanywa kwa kufuata merikebu kubwa, kipimo kwa kipimo. Si kila moja ni ya kuchezea. Mwaka 1748, huko Ufaransa, mtaalamu Duhamel du Monceau alimpa mfalme Louis XV mifano yake ya merikebu. Ikawekwa katika jumba la Louvre, ili wanafunzi wa kuunda merikebu wapate kujifunza kwa macho. Huko Uingereza mafundi walikuwa wakifanya mifano ya namna hiyo tangu karne ya 17, na mara nyingi waliacha sehemu ya chini wazi, bila mbao, mbavu za merikebu zionekane.

Mifano mingine ya nyakati zile iko mzima hata leo. Na mingine iliyofanywa juzi tu imepasuka tayari. Namna gani? Mara nyingi sababu ni mbao.

Fundi huanza kwa kulaza mti mmoja mrefu, ndio mkuku. Ni uti wa mgongo wa merikebu. Juu ya mkuku husimamisha mataruma, yaani mbavu. Kisha hufunika mbavu hizo kwa vipande vyembamba vya mbao, kimoja kando ya kingine, toka mbele mpaka nyuma. Vipande hivyo ndivyo ngozi ya merikebu.

Watu wengi hufikiri hivi: merikebu kubwa za Ulaya zilifanywa kwa mti wa mwaloni, basi na mfano wake ufanywe kwa mwaloni. Sivyo. Tazama hesabu. Mafundi wa Uingereza walipenda kipimo cha 1 kwa 48. Ubao wenye upana wa sentimetre 24 katika merikebu kubwa, katika mfano una milimetre 5 tu. Lakini nyuzi za mti hazipungui, na vitundu vyake havipungui. Kitundu cha mwaloni huweza kufika robo ya milimetre. Katika mfano, kitundu kile huonekana kama shimo la milimetre 12 katika merikebu ya kweli, shimo la kuingiza kidole! Merikebu gani ingeelea na mashimo ya namna hiyo? Ndiyo sababu mafundi wa zamani walichagua mti wa mpeasi, na mti mdogo uitwao buksi, ambao hukua polepole sana. Nyuzi zao ni nyembamba mno, jicho halizioni.

Wengine hawakuwa hata na mbao. Wakati wa vita vya Napoleon, wafungwa Wafaransa waliofungwa Uingereza walifanya merikebu ndogo kwa mifupa ya ng'ombe iliyobaki katika chakula chao. Waliikata vipande vyembamba, wakaipigilia juu ya mbavu za mti kama mbao, kisha wakaiuza wapate fedha kidogo. Mfupa hauna nyuzi za kuonekana, na kazi yao yapendeza mpaka leo.

Siku hizi fundi ana miti mingi ya kuchagua. Tilia ya Ulaya ni nyeupe na laini, hupindika vizuri. Wengi huiweka iwe ngozi ya kwanza, kisha juu yake hubandika ngozi ya pili ya mti wa mjozi, nyembamba kuliko ile ya kwanza. Obeche hutoka Afrika ya Magharibi. Limba hutoka msitu wa Mayombe, katika Kongo ya magharibi. Rangi yake ni ya manjano hafifu, lakini nyuzi zake ni nene kidogo, kwa hiyo hufaa zaidi kwa mashua kubwa kidogo ya kuelea majini. Balsa ya Amerika ya Kusini ni nyepesi mno, lakini ukucha tu huiumiza. Mvule ni mti bora kwa mashua ya kweli. Kwa mfano mdogo si mzuri sana, tena vumbi lake huwasha ngozi na pua. Fundi anayeupiga msasa hujifunga kitambaa puani.

Jina la mti halitoshi. Fundi hushika kila kipande, hukitazama kwa urefu. Nyuzi zikienda sawa toka mwisho mmoja mpaka mwisho wa pili, ni kizuri. Zikitokea ubavuni, kitavunjika pale pale siku ya kupindwa. Tena mbao ziwe kavu. Ubao mbichi ukikauka haupungui sana kwa urefu, bali hupungua kwa upana. Fundi akigandisha vipande 20 vibichi, siku ile vinakaa vema. Baada ya kiangazi kimoja kila kipande kimejivuta kidogo, na nyufa 20 zimefunguka. Gundi haina nguvu ya kuzuia jambo hilo.

Shida nyingine ni umbo. Merikebu ni nene katikati, nyembamba mbele. Tuseme toka mkuku mpaka juu kuna milimetre 120 katikati, lakini mbele kuna 72 tu. Vipande 20 vyenye upana wa milimetre 6 vyajaza katikati barabara. Je, mbele? 72 kwa 20 ni 3.6. Basi kila kipande lazima kichongwe, kipunguzwe polepole toka 6 mpaka 3.6. Mfanyaji mvivu huacha vipande jinsi vilivyo, vikapandana mbele kama magugu, naye hulaumu mti.

Ili kupinda kipande, fundi hukilowesha katika maji ya moto, maana joto hulegeza nyuzi. Hukifunga juu ya umbo, hukiacha kikauke hapo hapo, na baadaye tu hukitia gundi. Tena haweki vipande vyote vya kuume kwanza. Huweka kimoja kuume, kimoja kushoto, akibadilisha hivyo mpaka mwisho. Asipofanya hivyo, upande mmoja huvuta mkuku, na merikebu yote hupotoka kama ndizi.

Baadaye hulainisha. Jina la karatasi ya msasa latoka kwa mti wa msasa, ambao majani yake hukwaruza; mafundi wa Afrika walilainishia mbao kwa majani hayo kabla ya karatasi kufika. Fundi huanza na msasa mkali, humaliza na laini, akifuata nyuzi daima. Kisha hupangusa ubao kwa kitambaa chenye maji kidogo. Nyuzi ndogo husimama. Zikikauka, huzipiga msasa tena, nazo hazitasimama mara ya pili.

Mashua itakayoelea hupakwa vernisi nje na ndani. Ikipakwa nje tu, unyevu huingia kwa ndani, ubao hutuna upande mmoja, hupinda. Mfano wa kukaa nyumbani waweza kupakwa mafuta ya mbegu za kitani. Lakini matambara yaliyotumiwa kwa mafuta hayo ni ya hatari. Yakikusanywa pamoja hupata joto yenyewe, na baada ya saa chache huweza kuwaka moto bila kiberiti. Fundi mwenye akili huyatandaza nje moja moja yakauke, au huyatia katika ndoo ya maji.

Hata sanduku la kioo la kuwekea mfano lataka kuchaguliwa. Mwaloni hutoa hewa yenye ukali kama siki. Katika sanduku lililofungwa, hewa hiyo hula risasi, na mizinga na nanga nyingi za mifano hufanywa kwa risasi. Polepole hugeuka unga mweupe. Walinzi wa majumba ya makumbusho wamekwisha fungua masanduku kama hayo, wakaona mbao zingali nzuri, lakini mizinga imelala juu ya deki kama chokaa.