Gundi Ipi, Gasketi Ipi?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenye kupanda baiskeli ya umeme ya gurudumu moja hawana budi kuuzingatia usemi huo, kwani chombo hicho husimama kwa nguvu ya mota tu. Maji yakiingia katika mitambo inayoiongoza mota, huweza kuizima ghafla, na mpandaji akatupwa mbele kifudifudi.

Ndugu msomaji, tuanze na gundi ya silikoni. Ile inukayo siki hutoa asidi inapokauka, nayo asidi hula shaba. Haifai karibu na nyaya. Tuchague isiyotoa asidi, tena tuitumie pale tu pasipofunguliwa mara kwa mara, kama vile tundu la kupitishia nyaya.

Kifuniko cha betri chataka gasketi. Mpira wa EPDM hustahimili jua na mvua, lakini grisi itokanayo na mafuta ya petroli huuvimbisha. Tuupake grisi ya silikoni. Skrubu zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, ili gasketi ibanwe sawasawa.

Gasketi iliyopasuka haiungwi, hubadilishwa. Tuikague kabla ya mvua, si baada ya kuanguka.