Afro Blue: Mguu Ukanyage Wapi?

Programu za kupangia muziki siku hizi huweka kando ya jina la wimbo mstari mfupi wa vipimo: kasi yake kwa dakika, ufunguo wake, hata hisia zake. Kwa nyimbo nyingi mstari huo unamtosha DJ. Nilipofika kwenye Afro Blue ya Mongo Santamaría, kasi niliyoikuta imeandikwa haikulingana hata kidogo na mguu wangu, na jambo hilo likakataa kunitoka kichwani.

Wimbo ulirekodiwa mwaka 1959, wakati Santamaría, mpiga tumba kutoka Havana, akiwa katika kundi la Cal Tjader huko California. Aprili mwaka huo waliupiga jukwaani mjini Carmel, filimbi ikiwa kwa Paul Horn na besi kwa Al McKibbon.

Besi! Utamu wote unaanzia hapo. Inapiga mapigo sita yaliyoachana sawasawa, kisha inayarudia, bila haraka. Sikio linahesabu moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, linaridhika kwamba limeushika mwendo. Lakini tumba zina hesabu yao. Ndani ya muda uleule ambao besi inamaliza mapigo yake sita, mguu wa mchezaji unakanyaga mara nne tu. Jaribu mezani: mkono wa kulia upige mara tatu huku wa kushoto ukipiga mara mbili, yote miwili ianze pamoja na kurudi mwanzo pamoja. Mguu ukikanyaga mara 100 kwa dakika, besi itakuwa inapiga 150. Namba zote mbili ni za kweli, ila programu inalazimika kuchagua moja. Aliyekulia Mombasa au Lamu, kwenye chakacha, hana haja ya maelezo haya. Kiuno chake kilishazoea kuzibeba hesabu hizo mbili kwa pamoja.

Ufunguo nao unasema machache. Vitabu vya wanamuziki wa jazz huuandika katika F maina, na aliyezoea kwamba maina ni huzuni atauita wimbo wa huzuni. Mimi sisikii kilio humo. Melodia imetulia kwenye skeli ya sauti tano, inatembea kama mtu anayejua anakokwenda.

Santamaría mwenyewe aliueleza muziki huu vizuri kuliko kipimo chochote. Alizaliwa mwaka 1917, akakulia mtaa wa Jesús María, na alisimulia kwamba kwao kulikuwa na muziki wa kila aina, mwingi wake wa asili ya Afrika, na kwamba hawakuuacha ulivyokuja: waliugeuza kwa namna yao. Ulihusu dini, ulihusu mazungumzo. Ngoma ndiyo iliyokuwa zana yao, wakiitumia kwa kila jambo. Alishikilia pia kwamba guaguancó, rumba ile ya mitaani Kuba, mtu hawezi kujifunzia Marekani. Sharti awe ameishi ilikotoka. Kusikiliza sahani za santuri hakumpi mtu hisia zile.

Ni kauli kali, nami naiheshimu. Lakini tarehe 8 Oktoba 1963, klabu ya Birdland, New York, John Coltrane aliuchukua wimbo huohuo kwa saksafoni ya soprano, Elvin Jones akiwa kwenye drum, wakaupindua. Yale mapigo matatu ya besi yaliyokuwa yakielea juu yakawa ardhi. Yale mawili ya mguu, yaliyokuwa ardhi, yakapanda juu. Mwendo ukakaza, na utulivu wa Carmel ukawa moto unaowaka kwa zaidi ya dakika kumi. Albamu ilipotoka, jina la mtunzi lililoandikwa lilikuwa la Coltrane. Kosa hilo linaniuma kwa niaba ya mzee wa Jesús María, ambaye hesabu nzima ilitoka mikononi mwake.

Melodia ni ileile. Kilichohama ni mguu. Je, Coltrane aliipoteza siri ya wimbo, au alifanya kilekile walichofanya majirani wa Santamaría, kuupokea muziki na kuugeuza kwa namna yake? Na kama sahani kweli haibebi hisia, hiki kinachonisisimua kila besi ya McKibbon inapoanza ni cha nani?