Elimu: Programu sambamba, somo ambalo mwanafunzi wa informatiki anaweza kuanza bila mashine kubwa

Simu nyingi zinazouzwa leo kwenye masoko ya Goma, Bukavu ao Butembo zina prosesa yenye viini nane. Ni kusema, wafanyakazi nane ndani ya chombo kimoja. Lakini programu za kwanza ambazo mwanafunzi wa informatiki anafundishwa kuandika hutumia kiini kimoja tu. Vingine saba vinamuangalia.

Kuvipa viini vyote kazi kwa wakati mmoja ndiko kunaitwa kuandika programu sambamba. Wengi wanafikiri somo hilo ni la wenye mashine kubwa za Ulaya na Marekani. Sivyo. Msingi wake unaanzia ubaoni, na kompyuta ya kawaida inatosha kwa mazoezi.

Mwendo haukuji tena wenyewe

Zamani, mtu akinunua kompyuta mpya, programu yake ya zamani ilienda mbio zaidi bila kubadilishwa hata mstari mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 njia hiyo ilifungika: kadiri prosesa ilivyoongezewa mwendo, ndivyo ilivyozidi kupata moto. Mwaka 2005, Intel na AMD zikaanza kuuza prosesa za viini viwili kwa kompyuta za kawaida. Tangu hapo, mwendo unatafutwa kwa kugawa kazi, na wa kuigawa ni mwandishi wa programu.

Vyuo vilielewa. Mwongozo wa masomo wa mwaka 2013 wa ACM na IEEE, mashirika makubwa ya wataalamu wa kompyuta, uliweka masaa 15 ya msingi kwa sehemu hii.

Salongo ina mtu wa kamba

Kila mtu anajua salongo. Tuseme kazi ya barabara inamuomba mtu mmoja masaa 10. Saa moja ni ya kupima kwa kamba, na hiyo haigawanyiki. Masaa 9 ni ya kulima, na hayo yanagawanyika. Wakija watu 9, kazi inaisha kwa masaa 2. Lakini hata wakija 1 000, haitaisha chini ya saa moja, kwani wote watamungoja mwenye kamba. Hiyo ndiyo hoja ambayo Gene Amdahl, mhandisi wa IBM, alitoa mwaka 1967. Kabla ya kuomba mashine zaidi, tafuta kwanza ile saa moja iko wapi.

Daftari la likelemba

Hatari kubwa zaidi ni hesabu kupotea. Watu wawili wanapokea pesa za likelemba, daftari ni moja, na limeandikwa franga 100 000. Wote wawili wanasoma 100 000 kwa wakati mmoja. Kila mmoja amepokea 10 000, kila mmoja anaandika 110 000. Ilipaswa kuwa 120 000. Hakuna mwizi, lakini 10 000 haionekani.

Programu inaweza kufanya kosa hilo leo, kesho isilifanye. Ndiyo maana ni vigumu kulikamata. Dawa ya kwanza ni kufuli: aliyeshika daftari amalize kuandika ndipo mwenzake asome. Lakini mmoja akishika daftari na mwingine kalamu, na kila mmoja akangoja mwenzake aachilie, watakaa hapo hata kesho. Mara nyingi ni bora kila mmoja awe na karatasi yake, kisha karatasi zijumlishwe mwishoni.

Hesabu za Nyiragongo

Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma mwaka 2002, na mwaka 2021 ilifika kwenye mitaa ya pembeni. Ili kuchora ramani ya hatari, watafiti huigiza kwenye kompyuta njia ambazo lava inaweza kufuata, mara maelfu, wakihesabu ni mara ngapi kila sehemu inafikiwa. Njia moja haingoji nyingine, basi kazi inagawanyika bila ugomvi. Kwenye kompyuta ya viini vinne, hesabu ya masaa manne inaweza kukaribia saa moja. Pale umeme unapokatika kila mara, hiyo ni tofauti kati ya kupata jibu na kuanza upya.

Pa kuanzia

OpenMP, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1997, inatumika na lugha ya C kupitia GCC, ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti ikiisha kupakuliwa. Mstari mmoja juu ya kitanzi unatosha kugawa kazi.

Zoezi la kwanza: jumlisha namba milioni 100 kwa kiini kimoja, viwili, kisha vinne, na upime muda. Halafu ondoa ulinzi wa jumla na urudie mara kumi. Majibu yatabadilika-badilika. Mwanafunzi aliyeona hilo kwa macho yake katika mwaka wa kwanza hatasahau, na atafika mwaka wa mwisho akijua kuuliza, mbele ya kila programu: daftari hili linashikwa na nani?