Kabla ya Kumtuhumu Jirani: Namna ya Kutambua na Kuzuia Wanyama Wanaokula Kuku Wetu



Asubuhi moja ya mwezi Julai, wakati baridi ya Njombe huacha umande ulioganda juu ya majani, mwandishi wa makala haya alifungua banda lake la kuku na kukuta hasara. Kati ya kuku 11 waliolala humo jana yake, 4 walikuwa wamekufa kando ya ukuta na 2 hawakuonekana kabisa. Miongoni mwa waliokufa alikuwemo tetea aliyekuwa akiatamia mayai 12. Mtoto wa nyumba hiyo, ambaye ndiye aliyekuwa akimlisha, alikwenda shule akilia.

Wazo la kwanza lililomjia mwandishi lilikuwa la wizi. Kulikuwa na kijana wa jirani aliyezoea kukatiza uani, na tuhuma zilikuwa zimekwisha kufika mdomoni. Mwenyekiti wa mtaa alipoitwa, aliwatazama kuku waliolala chini, akauliza swali moja tu: "Mwanangu, mwizi anayeua kuku wanne na kuwaacha umemwona wapi?" Kisha akainama na kuonyesha upenyo chini ya mlango, usiozidi upana wa kiganja. Kwenye ncha ya ubao palikuwa pamenasa manyoya machache ya mnyama.

Kisa hiki si cha nyumba moja. Katika kata nyingi za Njombe na Makambako makazi yamepakana na mashamba ya misindano, miwati na parachichi, na vichaka vya mabondeni haviko mbali. Wanyama wadogo walao nyama huishi humo humo, na kuku wa uani ni windo jepesi kwao. Kwa kaya nyingi kuku hao ndio akiba ya karibu: ndio daftari na sare za shule, ndio nauli ya kwenda hospitali, ndio kitoweo cha mgeni. Kuwapoteza ni jambo zito, na huzuni yake haistahili kuchekwa, hasa ikiwa ni ya mtoto. Hata hivyo, hasira isiyo na uchunguzi huzaa hasara ya pili: ugomvi na jirani, au sumu inayotegwa ovyo.

Soma alama kwanza

Kabla ya kufagia banda, tazama. Kila adui wa kuku huacha alama zake.

Mwewe na kipanga huwinda mchana. Kifaranga hutoweka uwanjani bila damu, na mara nyingi kelele za mama yake ndizo ushahidi pekee. Kuku mkubwa aliyeliwa na kipanga huacha manyoya mengi yaliyonyofolewa mahali pamoja.

Nguchiro naye hutembea mchana, hupenda vichaka, na huchukua vifaranga pamoja na mayai. Ukikuta maganda yaliyovunjwa karibu na kichaka, mfikirie yeye.

Kicheche na kanu huja usiku. Hupita kwenye upenyo mdogo, huuma shingo au kichwa, na wakiwa ndani ya banda wanaweza kuua kuku kadhaa kuliko wanavyoweza kula.

Mbwa wanaozurura huvunja mbao, huraruana na kuku na kutawanya mizoga uwanja mzima, mara nyingi bila kuila.

Nyoka humeza mayai au vifaranga bila kuacha ganda wala damu. Panya huburuta vifaranga wadogo hadi kwenye mashimo yao. Siafu huvamia hasa nyakati za mvua, na tetea anayeatamia anaweza kufa juu ya mayai yake kwa kukataa kuondoka.

Mwizi wa kibinadamu, kwa kawaida, huchukua kuku wazima na kuacha kufuli lililovunjwa au mlango wazi. Dalili hizo zikionekana, toa taarifa kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, au kituo cha polisi. Usichukue sheria mkononi.

Ikiwa bado una shaka, tandaza majivu mapana kuzunguka banda jioni. Asubuhi nyayo zitasema. Nyayo za mbwa huonyesha kucha, ilhali za paka kwa kawaida hazionyeshi. Nyayo za kiatu nazo hazijifichi.

Jambo moja lisisahaulike: kuku aliyeliwa nusu huenda alikuwa amekufa kabla ya kuliwa. Ugonjwa wa kideri, unaojulikana pia kama mdondo, unaweza kufyeka kundi zima kwa siku chache, na mnyama wa porini akaokota mizoga tu. Ukiona kuku waliobaki wamezubaa, wanaharisha kijani au wanapinda shingo, tatizo lako kubwa si kicheche. Mwite afisa mifugo wa kata haraka.

Siku ile ile ya hasara

Mnyama aliyekula akashiba hukumbuka mahali. Mara nyingi hurudi usiku unaofuata au baada ya siku chache. Kwa hiyo ziba upenyo siku hiyo hiyo, hata kwa mawe na mabanzi ya muda, au wahamishie kuku waliobaki mahali salama zaidi.

Mizoga ichomwe au ifukiwe kwa kina kirefu. Isiliwe, isiuzwe, wala isitupwe kichakani, kwani harufu huita wageni wengine. Kuku wenye majeraha watengwe, vidonda vioshwe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, na ushauri wa mtaalamu utafutwe. Waliosalimika wapewe maji, chakula na utulivu. Wanaweza kuacha kutaga kwa siku kadhaa au hata wiki chache kwa sababu ya hofu. Hilo lisikufanye uwachinje kwa haraka.

Banda linalofungwa kweli

Kinga kubwa kuliko zote ni banda imara linalofungwa kila jioni. Mkoa wetu una neema ya mbao: mabanzi kutoka viwanda vya kupasua mbao yanapatikana kwa bei nafuu kuliko mbao kamili, na mianzi ipo. Yafuatayo yazingatiwe:

1. Banda liinuliwe juu ya nguzo, kiasi cha mita 1 kutoka ardhini. Kila nguzo izungushiwe kipande cha bati laini ili panya, kanu na kicheche washindwe kupanda.

2. Banda lililojengwa chini lizungushiwe wavu wa chuma uliofukiwa sentimita 30 ardhini na kukunjwa kuelekea nje. Mnyama anayechimba atakutana nao.

3. Wavu wa kawaida wa kuku huwazuia kuku wasitoke, lakini matundu yake hayamzuii mnyama mdogo kuingia. Madirishani tumia wavu mgumu wenye matundu yasiyozidi sentimita 1.5.

4. Mlango ukae sawasawa na fremu, uwe na komeo linalokaza juu na chini.

5. Vichaka na nyasi ndefu vifyekwe angalau mita 3 kuzunguka banda. Mnyama mwoga hapendi kuvuka mahali peupe.

Kwa sababu ya baridi, wengi wetu huziba kila tundu la banda na wengine huweka jiko la mkaa ndani. Jiko la mkaa katika chumba kilichozibwa huua kwa hewa yake, kuku na hata binadamu. Acha matundu ya hewa juu karibu na paa, yafunikwe kwa wavu, na uweke maranda makavu sakafuni ili kuku wapate joto.

Vifaranga wanahitaji ulinzi wa ziada. Kwa wiki 6 hadi 8 za mwanzo wawekwe pamoja na mama yao ndani ya tenga au kizimba wakati wa mchana, wasiachwe uwanjani wazi. Vifaranga wa kroila na saso wanaonunuliwa bila mama wako hatarini zaidi, kwa kuwa hawana wa kuwaita wala kuwafunika. Dhidi ya siafu, weka majivu mengi kuzunguka nguzo na uyabadilishe yakilowa.

Hatimaye, jenga mazoea. Walishe kuku kidogo ndani ya banda kila jioni kabla ya giza. Watazoea kurudi wenyewe. Wahesabu na uandike idadi kwenye daftari. Kusanya mayai kila siku. Mabaki ya chakula yasilale nje, kwani huwavuta panya, na panya humwita nyoka.

Sumu si suluhisho

Wapo wanaopaka dawa za kilimo kwenye nyama na kuitega usiku. Tendo hili ni la hatari na ni kosa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa sumu. Sumu haichagui: itamuua mbwa wa jirani, itamuua bundi anayekula panya wa ghala lako, na inaweza kumfikia mtoto anayechezea uani.

Vilevile, usimshike mnyama wa porini kwa mikono. Ukiumwa na mbwa au mnyama yeyote, osha jeraha kwa maji tiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa sababu ya hatari ya kichaa cha mbwa.

Baadhi ya wananchi huuliza kuhusu kifuta jasho. Kanuni za mwaka 2011 zililenga madhara ya wanyama wakali na hatari, mfano tembo, simba na mamba. Ulinzi wa kuku wa uani dhidi ya kicheche na mwewe unabaki mikononi mwa mfugaji mwenyewe.

Huduma zilizo karibu nawe

Afisa mifugo wa kata hutoa ushauri wa ujenzi wa banda, uchunguzi wa kuku waliokufa na ratiba ya chanjo. Chanjo ya kideri aina ya I-2 hutolewa kwa tone moja jichoni kila baada ya miezi 3. Ni busara majirani wachanje kwa pamoja, kwani chupa moja hutosha kuku wengi na ugonjwa hautambui uzio. Mbwa wanaozurura waripotiwe kwa mtendaji wa kata, na mwenye mbwa ahakikishe amechanjwa na amefungiwa.

Banda la mwandishi sasa limeinuliwa juu ya nguzo 4. Aliyeshika mabanzi wakati misumari ikipigiliwa ni yule yule kijana wa jirani, ambaye hadi leo hajui kwamba aliwahi kushukiwa. Kuku 5 waliosalia walianza kutaga tena, na mtoto wa nyumba ndiye anayewahesabu kila jioni.