Mguu Usiosikia Mwiba

Mtu akikanyaga mwiba akapiga ukelele, sote humwonea huruma. Lakini yuko anayestahili huruma zaidi: ni yule akanyagaye mwiba asisikie kitu, akaendelea na safari yake, na jioni akaona damu katika kandambili asijue imetoka wapi.

Katika kata ya Ntobeye, wilayani Ngara, kama katika vijiji vingi vya nchi yetu, miguu ndiyo chombo cha kwanza cha kazi. Mkulima hupanda na kushuka vilima kwa miguu kuifuata migomba yake, mibuni yake na maharage yake. Basi nyayo zake zinapoanza kuwaka moto usiku kana kwamba amekanyaga makaa, au vidole vinapokufa ganzi, si mguu tu ulio hatarini, bali ni riziki ya nyumba nzima. Madaktari hutueleza kwamba hapo mishipa ya fahamu imeharibika. Mishipa iliyo mirefu kupita yote ndiyo huumia kwanza, na kwa hiyo ugonjwa huanzia miguuni.

Wengi wetu tukipatwa na jambo hili tuna majibu mawili tayari. La kwanza, kwamba tumekanyaga uchawi uliotegwa njiani. La pili, kwamba ni uzee na uchovu, nasi tukanunua vidonge vya maumivu dukani. Majibu yote mawili yana kosa moja: hayaulizi chanzo.

Na vyanzo ni vingi. Kisukari ni kimojawapo kilicho kikubwa. Ukoma nao huua mishipa hiyo, nao unatibika kwa dawa zinazotolewa bure. Pombe ikinywewa kwa wingi miaka mingi huleta madhara hayo hayo. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, yaweza kuleta ganzi, na kwa sababu hiyo wagonjwa hupewa vitamini B6 pamoja nayo. Si sababu ya mtu kuacha dawa, bali ni sababu ya kumwambia mganga. Virusi vya UKIMWI navyo hudhuru mishipa. Mkoa wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa mwaka 1983. Baadaye, katika nchi nyingi, dawa moja iliyookoa maisha ya watu, stavudini, iliwaunguza wengi miguu, hata Shirika la Afya Duniani likashauri mwaka 2009 iachwe pole pole. Waliolalamika walikuwa wakisema kweli. Basi asiwepo mtu wa kumcheka anayesema miguu yake inaungua.

Lakini ganzi ni mbaya kuliko maumivu. Maumivu ni mlinzi. Mlinzi akilala, mwizi huingia. Mwaka 2005 Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa wa kisukari nchini Tanzania walioumwa miguu na panya wakiwa usingizini, wasiamke. Kidonda kidogo cha namna hiyo kikipuuzwa huoza, na mwisho wake huwa msumeno wa hospitali. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yatupasa kufanya nini? Kwanza, mwenye ganzi azitazame nyayo zake kila jioni, kwa kioo au kwa macho ya mtoto wake. Pili, asitembee peku, naye akung'ute viatu kabla ya kuvivaa. Tatu, usiku wa baridi asiote moto kwa miguu, na maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko. Nne, asikate sugu kwa wembe. Tano, aende akapimwe sukari na achunguzwe ngozi. Dawa za kutuliza moto wa usiku zipo, kama amitriptilini, nazo hutolewa kwa kipimo cha daktari. Hatusemi kwamba zitarudisha mishipa iliyokufa. Tunasema kwamba zaweza kumrudishia mtu usingizi, na kwamba chanzo kikidhibitiwa mapema, mguu waweza kuokolewa.

Viongozi wa matawi nao wana kazi. Katika mikutano yetu tunazungumza habari za mbolea na barabara; tuzungumze na habari za nyayo. Tuulize kama zahanati yetu ina kipimo cha sukari, na kama mgonjwa wa kisukari huvuliwa viatu akatazamwa. Kutazama mguu hakuna gharama.

Tangu Uhuru mwaka 1961 tumeyahesabu maradhi kuwa adui pamoja na ujinga na umaskini. Katika ugonjwa huu maadui wote watatu huja pamoja: asiyejua hupuuza, aliyepuuza hukatwa mguu, na mkulima aliyekatwa mguu huwa maskini. Ndugu, usiku wa leo, kabla ya kulala, tazama nyayo zako.