Uyoga wa Kulevya: Nafuu Isiyo Kupona

Mvua zinapoanza kunyesha Ngara na Biharamulo, uyoga huota vichuguuni, msituni na penye samadi ya ng'ombe. Mwingi ni kitoweo. Hata hivyo, anayetafuta uyoga wa kulevya kwa ajili ya starehe hana budi kuelewa mambo mawili.

Kwanza, uyoga huo kwa kawaida una psilosibini, kemikali inayodhibitiwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971. Mlaji huanza kuona maruweruwe ndani ya saa moja, nayo huweza kudumu saa 4 hadi 6. Anaweza kushikwa na hofu kali, kuanguka au kujijeruhi. Aliyewahi kuugua akili, au mwenye ndugu wa namna hiyo, yumo hatarini zaidi.

Pili, ni rahisi kuuchanganya na uyoga wenye sumu inayoharibu ini. Sumu hiyo haiondolewi kwa kupika wala kukausha, na uyoga ulioliwa na wadudu si lazima uwe salama. Kutapika na kuhara huanza saa 6 hadi 24 baada ya kula. Kisha mgonjwa hupata nafuu, ilhali ini linaendelea kuharibika.

Tunawashauri wananchi wasile uyoga wasioufahamu kwa hakika. Aliyekwisha kula asisubiri dalili, wala asitapishwe nyumbani. Awahishwe hospitali pamoja na mabaki ya uyoga, na mganga aelezwe ukweli wote. Aibu hupita, ini likifa, uhai huwa mashakani.