Mavuno ya kwanza ndiyo chambo
Mwanzoni DECI ililipa kweli, na hapo ndipo Watanzania wengi waliponasa. Mtu “alipanda mbegu” ya fedha, akasubiri, akavuna zaidi ya alichopanda, kisha akawaita dada na shemeji. Shamba lenyewe halikuwepo: waliotangulia walilipwa kwa fedha za walioingia nyuma yao. Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009, fedha za wengi zilikuwa bado humo.

Siku hizi mbegu hupandwa kwenye makundi ya WhatsApp. Kwa hiyo shemeji akikuonyesha ujumbe wa muamala, usimwite mwongo. Huenda amelipwa kweli. Muulize ni biashara gani inayozaa faida hiyo, na kwa nini lazima alete watu. Cheti cha BRELA kisikutulize, hicho ni cha usajili tu. Leseni ya uwekezaji iulizie Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

Umeshatuma? Wakikudai “ada ya kutolea”, usiongeze hata shilingi. Tunza ujumbe wa miamala, nenda polisi, na mwambie mwenzi wako leo, hata kama ilikuwa ada ya mtoto.